Pikipiki ya Mume Wangu na Miguu Yangu

Pikipiki ilikuwa ya mume wangu. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyekuwa anahama Bukoba, na rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka kwenye tangi, pale magoti yanapogusa. Kwa muda wote tuliokaa nayo Kitendaguro mimi nilikuwa abiria tu. Nilikaa nyuma nikitazama barabara juu ya kichwa chake bila kujinyoosha, kwa sababu mume wangu ni mfupi kwangu kwa kichwa kizima. Watu walilizungumza sana hilo tulipooana, wakachoka wenyewe, na sisi tukalisahau. Au mimi nilidhani tumelisahau.

Alipoinunua aliirekebisha imtoshe. Fundi wa mjini alimkatia sponji ya siti, akamvutia usukani kwa nyuma, akamwekea shokapu fupi ili akisimama nyayo zake zote mbili zikanyage chini. Ilimkaa vizuri. Akiwa juu yake alionekana kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake.

Kisha nikahamishwa. Mimi ni afisa mifugo, na nilipelekwa kata moja ya Muleba, kata ya vilima, ambako ng'ombe wa maziwa wanafugwa nyuma ya nyumba katikati ya migomba na kila mfugaji ana kilima chake. Ofisi haikuwa na chombo cha usafiri. Mume wangu anafundisha shule ambayo kutoka nyumbani unaiona.

"Chukua pikipiki," aliniambia. "Mimi kengele ikigonga nikiwa naoga bado nawahi."

Kuendesha nilikuwa najua. Alinifundisha mwenyewe kwenye uwanja wa mpira, na mara mojamoja nilikuwa naichukua kwenda sokoni. Lakini sokoni ni karibu. Siku niliyoondoka kwenda Muleba, nimefunga begi nyuma kwa mpira, nilifika Kemondo nikiwa tayari natamani kukaa mahali pengine popote. Magoti yalikuwa yamepanda hadi karibu na viwiko. Nikikata kona ya kushoto, mkono wa usukani ulinigonga goti. Mgongo ulikuwa umepinda, na shingo nimeinyanyua kama kobe ili nione mbele. Kwenye mteremko nilisimama wima juu ya vikanyagio ili damu ishuke miguuni, na wanawake waliokuwa wanauza maparachichi kando ya barabara waliacha kazi wakanitazama mpaka nikapita.

Muleba nilishuka nikiwa na umbo lile lile la pikipiki. Ilibidi nishike ukuta wa ofisi kwanza ndipo nikanyooka.

Sikuifanyia chochote. Nilijiambia nitazoea. Wiki zikapita, na badala ya kuzoea nikawa mtu asiyetulia. Kwenye vikao nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, mpaka mtendaji wa kata akaniuliza kama kuna mahali nawahi. Kwenye chumba nilichopanga Muleba nilikula nikitembea, sahani mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi, na mtu anayechanja ng'ombe anahitaji vidole vyake vyote. Nilikuwa nabadilisha mkao kila baada ya kilima: nasogea nyuma nakuta chuma cha kufungia mizigo, nasogea mbele nakuta tangi, napanua magoti upepo unanitoa barabarani. Hakuna mahali palipokuwa pangu.

Mvua za vuli zilipoanza nilianguka. Sikuwa na mwendo. Nilikuwa nashuka kwa mfugaji mmoja, mama wa makamo mwenye ng'ombe wawili, njia ina utelezi, nikataka kusimama na kushusha mguu. Mguu ulichelewa. Ulikuwa umekunjwa muda mrefu kiasi kwamba nilipouita haukuja. Nikalala taratibu kwenye kibanja chake, mimi, pikipiki na sanduku la chanjo, katikati ya migomba.

Mama yule alikuja na jembe lake mkononi. Alisaidia kuinua, akalifuta sanduku kwa kanga yake, akahakikisha sijavunjika. Kisha akaizunguka pikipiki.

"Daktari, hii ni ya nani?"

"Ya kwetu nyumbani."

"Mbona unaikalia kama umeiazima?"

Tulichanja ng'ombe. Nilipomaliza nilimpigia simu mume wangu nikiwa bado nimesimama zizini, matope yamenikauka ubavuni. Nikamwambia nimeanguka, siumwi, lakini pikipiki inanibana na nataka kuipeleka kwa fundi.

"Rekebisha," alisema. "Si wewe unayeiendesha?"

"Itabadilika."

"Najua. Rekebisha."

Fundi niliyempata yuko karibu na soko la Muleba, mtu mnene, mpole, anayefanya kazi akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Aliniambia nipande kama ninavyopanda kila siku, na mabuti yangu ya mpira na kofia ngumu, nishike usukani. Akanitazama kwa mbele, akaenda ubavuni.

"Huyu wa mwanzo alikuwa mfupi?" aliuliza.

"Ni mume wangu."

Alichukua spana akaanza kulegeza usukani.

Siku hiyo aliusukuma tu mbele, akageuza na mikono ya klachi na breki ifuate mwelekeo wa viganja vyangu. Nikaondoka nikiwa na furaha. Kesho yake nikarudi, kwa sababu viwiko vilikuwa vimenyooka lakini usukani bado ulikuwa chini. Akaupandisha kwa vipande vya chuma alivyochongesha, kisha akawasha injini na kuuzungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akisikiliza. Upande wa kushoto injini ilinguruma yenyewe: waya wa mafuta ulikuwa unavutika. Akazima, akanionyesha kwa kidole.

"Ukikata kona na hii, itakuondokea. Tutafute waya mrefu."

Waya ukapatikana Bukoba, ukaja na basi. Nikarudi. Nikarudi tena kuhusu siti. Fundi wa makochi wa jirani aliongeza sponji nzito, akaishona upya kwa ngozi nyeusi ya bandia, na yule wa pikipiki akatoa shokapu fupi akaweka ndefu. Bado nilikuwa nahangaika. Nilipanda, nikashuka, nikapanda. Nilimwambia labda usukani urudi nyuma kidogo. Labda siti imezidi.

Akaweka spana chini.

"Daktari, ng'ombe akihangaika namna hii, halali wala hasimami, wewe unaanza kumwangalia wapi?"

Nikafikiri kweli, kama vile ameniuliza kazini. "Kwato."

Wote wawili tukatazama chini. Tulikuwa tumepandisha kila kitu isipokuwa miguu. Vikanyagio vilikuwa pale pale, juu na mbele. Ilichukua kazi kuviteremsha na kuvirudisha nyuma, kwa sababu pedali ya gia na ya breki nazo ziliacha kufikika, ikabidi aziweke upya na kuchomelea kipande. Nilikaa kwenye benchi lake nikitikisa goti muda wote.

Nilipoipanda baada ya hapo, magoti yalifunguka. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nilikaa, na nikawa sifikirii nimekaaje. Nilikuwa nakwenda kwa mfugaji njia ya Muhutwe, nikampita, nikampita mbali kabisa, naendesha tu, mpaka nilipoliona ziwa kwa mbali ndipo nikakumbuka kwamba kuna mtu ananisubiri na ng'ombe mwenye homa.

Ijumaa nikaenda nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Izimbya, yuko mlangoni mwa jikoni anamenya ndizi. Mume wangu alitoka akiwa na chaki bado kwenye mkono wa shati. Alinisalimia, akapokea begi, ndipo akaitazama. Akaweka kiganja juu ya siti mpya, akaibonyeza.

"Umeipandisha."

"Kidogo."

"Imependeza," alisema, akaingia ndani na begi.

Jumamosi asubuhi alitaka kwenda mjini kununua mchele. Nilimsikia akiiwasha, nikatoka. Uwanja wetu una mteremko kuelekea migomba. Alikuwa juu ya siti, vidole tu vya miguu vikigusa ardhi, mguu huu ukigusa ule unaning'inia, mikono imenyooshwa kama mtu anayesukuma mlango mzito. Nilitaka kusema ngoja. Alishaachia klachi. Ilikwenda hatua chache, akabana breki, akatafuta chini kwa mguu wa upande wa mteremko na chini haikuwepo. Walilala pamoja, yeye na pikipiki, polepole sana, nami nikiona kila kitu.

Mama yake alisimama na kisu mkononi, akamuuliza kwa Kihaya kama ameumia. Akajibu hapana. Tulisaidiana kuiinua. Alijifuta suruali, akachukua mfuko mtupu wa kuwekea mchele uliokuwa umeanguka, akaondoka kwa miguu, akishuka kile kilima bila kugeuka.

Mama mkwe aliendelea kumenya. Baadaye akaniambia, bila kuinua kichwa, "Alikuwa hivyo tangu mdogo. Akianguka hataki kutazamwa."

Mimi sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa. Niliosha pikipiki. Nilikuwa na hasira na sikujua na nani, kwa sababu nilimwambia na alikubali. Na nilikuwa na huruma pia, na vitu hivyo viwili vilikuwa vinanizungusha kati ya jiko na geti.

Alirudi wakati wa chakula cha mchana. Tulikula. Mama yake alipokwenda kupumzika, tukabaki mimi na mume wangu kwenye baraza.

"Nitairudisha ilivyokuwa," nilisema. "Vyuma vya zamani ninavyo."

"Ukirudisha utaendeshaje?"

"Kama nilivyokuwa naendesha."

"Ulikuwa unaanguka."

"Na wewe umeanguka leo."

"Mimi nimeanguka hapa uwanjani. Wewe uko kwenye vilima huko na hakuna mtu wako." Alichezea funguo. "Nilisema rekebisha na nilimaanisha. Ila sikujua kwamba ukiipata wewe, mimi nitakuwa sina. Nilidhani tutakuwa nayo wote."

Niliinuka, nikakaa upande wa pili, nikainuka tena.

"Hebu kaa basi," alisema.

"Siwezi."

Akacheka kidogo, kwa pua. Nami nikacheka, na hatukuwa tumemaliza lolote.

Mama mkwe aliondoka jioni ile na gari la jirani, kwa sababu kesho yake kulikuwa na ubatizo wa mtoto wa shemeji yangu huko Izimbya na alitaka kuwahi mapishi. Sisi tulikuwa twende Jumapili asubuhi. Hatukujadili tutakwendaje. Niliitoa pikipiki nje ya geti nikiwa nimevaa gauni langu refu na suruali ndani yake, nikapanda, nikaishikilia kwa miguu yote miwili. Ilisimama imara kabisa. Majirani walikuwa wanatoka kwenda misa.

Mume wangu alifunga geti. Alisimama na koti lake la suti. Nilitazama mbele ili asilazimike kuona kwamba nangoja. Nikasikia kiatu chake kwenye kikanyagio cha nyuma, mkono wake begani kwangu, kisha uzito wake ukatua.

"Twende," alisema.

Mwanzoni alishika chuma cha mizigo. Kila nilipokaribia kona nilihisi mguu wake ukikanyaga breki ambayo haikuwa pale. Tulipoingia barabara ya vumbi, kokoto zikaanza kutuyumbisha, akaachia kile chuma akanishika kiunoni.

"Mbele kuna nini?" aliuliza karibu na sikio langu. "Naona mgongo wako tu."

"Kilima."

"Halafu?"

"Mzee na baiskeli, amebeba mikungu."

"Mpishe."

"Nimempisha."

Njia nzima ikawa hivyo. Mimi namwambia kilichopo: mbuzi, dimbwi, watoto wenye sare za kwaya, lori limesimama vibaya, naye ananiambia nifanye nini, wakati nimeshafanya. Tulipofika, kaka yake alitoka na kutukuta tunashuka. Akamtazama mdogo wake, akanitazama mimi.

"Umeletwa?"

"Nimeletwa," alijibu, akinyoosha koti. "Na anaendesha vizuri kuliko wewe."

Watu walisema yao siku ile, mezani kwenye pilau na baadaye kwenye lubisi, pombe ya ndizi. Aliwajibu waliostahili kujibiwa. Wengine aliwaacha.

Sasa anatembea kwenda shule kama zamani, na akiwa na safari ya mjini anachukua bodaboda, au anangoja Ijumaa nifike. Kuna siku anachoka kunisubiri na ananiambia hivyo. Kuna siku naona anaitazama pikipiki pale uwanjani na kuondoa macho. Juzi amesema anaulizia nyingine, ndogo. Sijui kama atainunua, na sijui kama nataka ainunue.

Mimi bado sijatulia vizuri. Magoti yamepona, vidole vimerudi, lakini nikipita Muhutwe mwili unaanza kutafuta, bega linataka hivi, kiuno vile. Jumatatu iliyopita nilisimama Kemondo kununua samaki wa kupeleka chumbani Muleba. Nikajikuta nimetoa spana kwenye begi. Nilisogeza vioo nje kidogo, nikavirudisha, nikavisogeza tena, na muuza samaki ameshika mfuko, ananisubiri nipokee.