Waliopona Hawakuhesabiwa

Mwaka wangu wa mwisho wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam, kazi yangu ilikuwa kukusanya tafiti za watu wengine. Nilisoma zilizopima usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa wagonjwa wa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, huku pwani, nikaziunganisha kihesabu ili nipate jibu moja: ni wagonjwa wangapi ambao dawa ya kawaida haiwasaidii tena? Jibu lilitoka kubwa, la kutisha. Msimamizi wangu, daktari mwanamke asiyesifu ovyo, alisema kazi inakwenda vizuri. Utafiti mmoja ulifanyika kisiwani kwetu Mafia, na nilijivunia kuuona humo.

Likizo nikaenda nyumbani Utende. Nilimkuta shangazi, mkulima wa mwani, amejikunja kitandani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kiuno hiki, na mkojo unanichoma kama pilipili."

Nikampeleka hospitali Kilindoni kwa bajaji. Daktari alimpima, akamwandikia dawa ile ile ambayo hesabu yangu ilikuwa imekwisha kuihukumu. Nikamfuata mtaalamu wa maabara, niliyesoma naye sekondari, nikamwomba aoteshe mkojo wa shangazi, yaani akuze vimelea vilivyomo, tujue ni kimelea gani na kinauawa na dawa ipi.

"Hatuoteshi wa kila mtu," aliniambia. "Vifaa vyenyewe vinakuja kwa boti, na haviji vingi. Tunaotesha wa wale waliomeza dawa wakarudi bado wanaumwa."

"Na ule utafiti uliofanyika hapa?"

"Ulitumia hao hao. Wengine wangepatikana wapi?"

Shangazi alimeza dawa, na kabla hazijaisha alikuwa keshaingia majini kufunga mwani wake. Hospitali hakurudi, wala hakuna aliyemuuliza. Niliporudi Dar nilimweleza msimamizi.

"Shangazi yako si ushahidi," alisema. "Mtu mmoja kupona hakuthibitishi kitu. Lakini hayo ya maabara ni mazito. Soma zote upya. Kila utafiti, andika ulichukua mkojo wa nani."

Nikaanza upya. Tafiti nyingi hazikusema. Baadhi zilichukua waliolazwa tu, watu waliokwishapitia dawa nyingi kabla ya kufika wodini. Mbili zilikuwa na vichwa tofauti na waandishi tofauti kidogo, lakini wagonjwa wale wale. Mimi nilikuwa nimewahesabu mara mbili. Nilipozitenganisha kwa makundi ya wagonjwa, lile jibu moja likavunjika. Sikufurahi. Nilikuwa nimelizoea, na nilishaandika sentensi nzuri za kulisindikiza.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini wa nje alifunga nakala yake akanitazama.

"Kwa hiyo usugu ni kiasi gani?"

"Kwa waliorudi hospitali na waliolazwa, ni mkubwa. Kwa wanaokuja mara ya kwanza, sijui. Tafiti nilizozipata haziwezi kutuambia."

"Umesoma muda wote huu uje utuambie hujui?"

Watu wawili watatu wakacheka. Nilijibu kwamba ndiyo, na kwamba tukiandika lile jibu kubwa, madaktari wataiacha dawa rahisi ambayo huenda bado inafaa na kukimbilia dawa kali, na hizo nazo zitazoewa na vimelea. Nilifaulu, kwa sharti la marekebisho.

Sasa nafanya kazi hospitali ile ile ya Kilindoni. Tumeanza kuotesha pia mikojo ya baadhi ya wanaokuja mara ya kwanza, vifaa vikiwapo. Kuna nyakati vinashushwa bandarini vimeshaharibiwa na joto, tunavitupa. Bado hatuna cha kutangaza.

Majuzi alikuja mama mmoja kutoka kisiwa cha Chole. Alishika kikopo cha mkojo nilichompa akanihoji:

"Dawa nishapewa. Huu wa nini tena?"

"Tunataka kujua na habari za wanaopona, mama. Ukipona, utuambie."

"Nivuke bahari nije kukwambia sina ugonjwa?"

Nikamwomba namba ya simu, nimpigie mimi. Alinipa ya mumewe.