Tulipokuwa Mizigo ya Shangazi

Juzi nilikuwa namtoa Baba Tororo, alikokwenda kupimwa macho, namrudisha nyumbani Lunyo kwa gari langu. Tulipokata kona ya kwanza kwenda kulia, gurudumu la nyuma likasaga. Krrr, halafu kimya. Nikazima redio. Kona iliyofuata, kimya. Ile ya baadaye, krrr tena. Baba, ambaye hajapata kuuliza swali maishani mwake, akaegemea kiti akasema, "Hii gari haina kitu. Ni barabara tu."

Rafiki yangu, nilirudi utotoni palepale. Maneno yalikuwa yaleyale, na sauti ileile ya mtu anayejibu kabla ya kusikiliza.

Wakati huo nyumbani tulikuwa na pikapu. Nasema tulikuwa nayo kwa mazoea ya ukoo wetu. Ilikuwa ya shangazi yangu, dada yake Baba, tuliyemwita Senge. Aliachika, akarudi kwao, akauza dagaa wakavu ng'ambo ya mpaka, Kenya, hadi akanunua pikapu yake na kujifunza kuiendesha. Lunyo yote hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeshika usukani. Siku za soko tuliamshwa na injini yake, na harufu ya dagaa iliyochanganyika na petroli, na mpaka leo harufu hiyo ikinipita puani nasikia njaa. Alikuwa akitupa mihogo ya kuchemsha ndani ya jani la mgomba, ya moto mno, tukaila tukipuliza vidole.

Wanaume wa nyumbani hawakuipenda hali hiyo. Walipanda pikapu ya Senge kwenda mazishini, wakaisifu ikiwa imewabeba, na wakishuka tu wanasema mwanamke hawezi gari. Walikuwa wanangoja sababu ya kumnyang'anya. Ndipo gurudumu la nyuma lilipoanza kusaga.

Lilisaga lilipotaka. Siku ya soko lililia mpaka watu wakageuka kutazama. Akiletwa fundi, kimya kama maji mtungini. Fundi huyo, na nitamsema kwa sababu alikula kuku wetu, alilipiga gurudumu teke, akafikiri, akasema ni breki. Jirani yetu, ambaye ujuzi wake wote wa magari ulikuwa kuwahi kulala ndani ya trekta, akasema ni gia. Baba akasema ni dereva. Wote wakaona Baba amesema kweli. Akamwambia dada yake kwamba kelele isipokwisha kabla ya Jumapili, atamkabidhi yeye ufunguo.

Senge hakubishana nao. Alitukusanya sisi watoto wa nyumbani, akatupandisha nyuma ya pikapu, akatupeleka Busia kwenye ukuta mrefu wa ghala la zamani la pamba. Aliendesha polepole karibu kabisa na ukuta, madirisha wazi, kwenda na kurudi, maana ukuta humrudishia dereva sauti ambayo barabarani inapotea. "Nyinyi wote, hamia upande ya kushoto!" akapiga kelele. "Sasa nyamaza!" Tukajazana kushoto, tumeshikana nguo, tumebana pumzi tusicheke. Krrr. "Hamia kulia!" Kimya. Tukarudi kushoto, krrr. Sijapata tena mchezo mtamu kama ule.

Halafu akapiga jeki, akalizungusha gurudumu la kushoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akachukua kiganja changu akakiweka kwenye springi. Nikasikia kitu kinakwaruza mle ndani, kama mchanga kwenye mboga. "Hiyo ni beringi," akasema. "Gari ikiwa tupu inanyamaza. Weka mzigo, inasema."

Jumapili alimweleza Baba hayo yote. Baba akaichukua pikapu peke yake, bila hata kikapu nyuma, akanyoosha nayo kwenda na kurudi. Kimya, bila shaka. Wenzake waliokuwa wamekaa uani wakampigia makofi. "Kwako inalia, kwangu inanyamaza," akamwambia dada yake. "Gari imemjua mwenyewe." Akautia ufunguo mfukoni. Senge alimwomba kitu kimoja tu, abadilishe beringi kwanza. Hakubadilisha.

Wiki hiyohiyo Baba akapakia magunia ya muhogo mkavu mpaka juu, safari ya Kiyeyi. Kwenye kona ya kulia mzigo wote ukaegemea kushoto, gurudumu la upande huo likachomoka, likampita, likaenda kuishia kwenye mpunga wa watu. Pikapu ikalala ubavu. Hakuumia mtu. Nilipokuwa mdogo nilimshukuru Mungu kwa hilo. Siku hizi bado namshukuru, ila si kwa haraka sana. Ilikokotwa mpaka nyumbani, kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Baba akauambia ukoo kwamba mwanamke ndiye aliyekuwa ameiharibu, nao wakatikisa vichwa kukubali, watu wazima wenye ndevu. Senge akarudi kubeba dagaa kichwani. Hakushika usukani tena mpaka tulipomzika.

Ule ukuta haupo siku hizi. Wamejenga maduka ya vifuniko vya simu, kila duka na spika yake mlangoni, na hata gari likikatika vipande viwili pale hutalisikia. Watoto wa kupakia nao hawapo, wako shule za bweni. Namkumbuka Senge, na wale waliomnyang'anya gari lake nawadharau, ingawa waliobaki nawapikia chai.

Basi nilisimama kando ya barabara, nikafungua mlango wa nyuma. "Baba, hamia huku," nikamwambia. "Nataka mzigo." Hakuuliza kwa nini. Baba amenenepa, alishuka kwa shida na kupanda kwa shida. Nikaondoa gari polepole. "Kaa kushoto." Krrr. "Hamia kulia." Akajivuta juu ya kiti, amekamata mkanda. Kimya. "Rudi kushoto." Krrr. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Hiyo ni beringi," akasema mwishowe. "Mimi najua hii kelele."

Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa natafuta, lakini nikamwambia ahamie kulia, na tena kushoto, na tena kulia, mpaka tukafika Lunyo.