Nusu ya Filamu

Miaka ya sabini nilikuwa mpiga picha za eksirei hospitalini Nyeri, na nilijivunia ubahili wangu. Filamu zilitufikia kwa nadra, kwa hiyo nilifunika nusu ya filamu kwa bamba la madini ya risasi, nikampiga mgonjwa wa kwanza, kisha nikahamisha bamba nikampiga wa pili. Mkubwa wangu alinisifu mbele ya wenzangu, nami nikavimba kichwa.

Ndipo mama mmoja kutoka kijiji cha Gakindu akamleta binti yake wa miaka kumi. Mtoto alikuwa akichechemea, akisema goti linamuuma. Nililipiga goti kwenye nusu moja; nusu ya pili nikampiga mzee aliyeanguka akaumia mkono. Goti lilikuwa safi. Daktari akasema ni mteguko, akampa vidonge, wakarudi nyumbani. Mama akawa anamkanda kwa mafuta ya kondoo kila jioni, kama mzazi yeyote wa kwetu angefanya.

Baada ya miezi mitatu walirudi, mtoto kabebwa mgongoni. Paja lilikuwa limevimba, lina joto, ngozi inang'aa. Safari hii nilitumia filamu nzima. Nilipoitoa kwenye dawa ya kusafishia filamu, ingali inachuruzika, niliiinua kwenye mwanga. Katikati ya paja, mfupa ulikuwa umejifunika tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Picha ya namna hiyo nilikuwa nimeiona mara moja tu, chuoni: saratani ya mifupa ya watoto. Kwamba maumivu ya paja huweza kusikika gotini, hilo pia nilifundishwa. Nikaitafuta filamu ya kwanza kabatini. Iliishia vidole vitatu juu ya goti. Nilijichukia, na hadi leo najichukia.

Daktari aliamuru nimpige kifua. Mapafu yalikuwa na madoa, dalili kwamba ugonjwa umeshasambaa. Akaandika barua ya Nairobi, ili madaktari wa huko wakate kipande cha mfupa wakipime, ingawa macho yake yalishakata tamaa.

Mama alinifuata koridoni. Kwake, kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari.

"Daktari, ni mimi niliharibu," alisema. "Nilikaa tu nikimkanda na mafuta. Kama ningemuleta mapema, hii mguu ingepona?"

Alikuwa amemleta mapema. Nilifungua mdomo nimwambie.

"Wahi basi ya Nairobi, mama," nikasema.