Dakika Sifuri za Chanika

Nilisikia kicheko kabla sijaona kinachochekwa. Nilikuwa nimeinama nyuma ya meza nahangaika na waya wa projekta, na ghafla ukumbi mzima wa mkutano wa mradi wa maji ukaangua kicheko kile cha watu wazima waliojizuia kwa adabu wakashindwa. Nikainua kichwa. Ukutani ramani yangu ilikuwa imeipaka Chanika kijani kuliko kote, kuishinda hata Mbezi Beach kwa wenye nazo: wakazi wake wanatumia dakika sifuri kufuata maji. Na waliokuwa wakicheka ndio hao wakazi wa Chanika. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Balaa lilianza asubuhi, nyumbani kwetu Mtoni, nilipoiambia programu ya takwimu initafutie, kutoka majibu ya dodoso letu, wastani wa dakika za kufuata maji kwa kila kata, na kwa Chanika ikanijibu NA, yaani kuna majibu hayapo, na mie kwa haraka zangu (chai inapoa, na bosi amepiga simu tena) nikaandika amri moja fupi: kila kisanduku kitupu kiwe sifuri. Jedwali likajaa, ramani ikang'aa, nikajipongeza kabisa!

"Mwanangu," akasema Mama Rehema wa mstari wa mbele, "hayo maji ya sifuri yako nyumba gani, nikachukue ndoo?"

"Shikamoo mama. Hii imekokotolewa na kompyuta..."

"Marahaba. Hiyo kompyuta imewahi kuoga Chanika?"

Kicheko tena. Ila bosi wangu, Bwana Mushi, hakucheka. Visima vya mradi vilikuwa vinakwenda kwa kata zenye shida zaidi, naye alishashika kalamu aifute Chanika kwenye orodha.

"Kijani ni kijani," akasema. "Tuendelee."

"Bosi, usifute. Naomba dakika chache."

Nikakaa palepale, mgongo umelowa jasho, macho ya watu wote kwenye vidole vyangu, nikaifuta ile amri na kulirudisha jedwali kama lilivyotoka kwa wadodosaji. Safu ya Chanika ilikuwa tupu yote. Nikageuka kwa Mama Rehema, nikamuuliza kwa nini hawakujibu.

"Tulijibu! Tulisema hatuendi popote, maji analeta kijana wa mkokoteni. Ukimwita asubuhi, ugali wa mchana unausonga magharibi."

Basi ndiyo hivyo. Swali letu liliuliza muda wa safari, wao wanangoja, na mdodosaji akaacha wazi. Pale palipokuwa patupu ndipo palipokuwa na kiu, nami nilikuwa nimepamwagia maji ya uongo. Nikaipaka Chanika kijivu.

"Kijivu si jibu," Bwana Mushi akasema.

"Ni jibu, bosi. Maana yake hatujui, na hatujui kwa sababu tuliuliza vibaya."

Nikaapa mbele ya wote kwamba sitajaza tena pengo lolote kabla ya kuuliza limetoka wapi, hata kama chai itaganda. Mama Rehema akasema, "Sasa unaongea."

Bwana Mushi akairudisha kalamu mfukoni. "Chanika inabaki. Ila utauliza upya mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kuanzia leo."

"Leo hii?"

"Nimesema leo."

Akabeba mkoba wake, akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake.