Taa ya Spana Baada ya Eda

Nilipokaa eda, gari la marehemu mume wangu nalo lilikaa. Lilisimama chini ya mwarobaini nyumbani kwetu Malindi, majani yakiliangukia taratibu, nami nikilitazama kupitia pazia. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja mara kwa mara kuliwasha ili betri isife. Mlio ule uliponifikia kitandani mchana wa joto, nilimsikia mume wangu akirudi kutoka Kilifi. Nilimsikia kweli, na sikutaka mtu anizindue.

Siku niliyotoka eda niliingia garini kabla ya kumtembelea jamaa yeyote. Nikawasha. Kwenye dashibodi ikatokea picha ya spana, ya manjano, ikatulia pale.

"Gari limeanza kuchoka, shemeji," akasema shemeji, aliyekuwa amekaa kando yangu. "Tuliuze lingali latembea."

Hofu ilinishika, kisha hasira zikanipanda. Gari halijatoka hata langoni, litachokaje? Nikamwambia afunge mkanda, nikaenda moja kwa moja kwa fundi.

Fundi alinipa pole ya msiba, akaitazama ile taa, wala hakufungua boneti.

"Halina maradhi, mama. Hii yakumbusha servisi tu. Kubadilisha oili, kukagua breki, basi."

"Lakini halikwenda popote."

"Yahesabu kilomita, na miezi pia. Gari lililala, miezi haikulala."

Kule ndani nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku zimesimama kunisubiri, kwamba mume wangu yuko safarini na mimi nimeketi barazani mvua ikipita. Kumbe siku zilikuwa zikipita na mimi. Hilo liliniuma kuliko siku ya maziko.

Alipomaliza kazi, fundi akataka kuizima taa. Nikasema nitaizima mwenyewe. Akanionyesha kitufe, nikakibonyeza mpaka spana ikapotea na hesabu ikaanza upya.

Kiti kilikuwa bado nyuma, pale miguu mirefu ya mume wangu ilipokitaka. Nilikuwa nimeendesha na mto mgongoni. Nikautoa mto, nikampa shemeji aushike, nikavuta kiti mbele mpaka miguu yangu ikazifikia breki vizuri. Nililia, wala sikujificha.

Shemeji aliupakata ule mto, kisha akauliza, "Sasa tufanyeje na gari?"

"Haliuzwi," nikamwambia. "Nikushushe wapi?"