Stempu ya Wapima Mvua

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine. Shule niliishia darasa la pili, lakini mashine ya kusaga hapa Nyangamara ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu. Kwa hiyo wataalamu wa hali ya hewa walipotafuta mwananchi wa kuwapimia mvua, nilijitokeza mimi. Wakanipa chupa ya kupimia na kadi za kutuma posta kila wiki.

Kisha zikatoka stempu za kuwashukuru wananchi wanaosaidia utafiti, zenye picha ya mzee ameshika chupa kama yangu. Nikabandika moja mlangoni, na kila aliyeleta mahindi kusaga nikamwonyesha. Kichwani mwangu, stempu ile ilikuwa tuzo ya wenye mvua. Basi mvua ilipogoma, niliona haya kuandika sifuri. Nikawa natia maji ya mtungi kwenye chupa, kidogo kidogo, ndipo napima.

Mashamba yakakauka. Juzi afisa wa wilaya akaja mkutanoni. Jirani yangu Bi Somoe, mjane anayelea wajukuu, akamuuliza, "Mahindi ya msaada yanakuja lini, mwanangu?"

"Kwenu hayaji, mama. Kadi za hapa zinasema mvua imenyesha vizuri."

"Mvua gani? Nani kaiona?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama, nikasema yalikuwa maji ya mtungi wangu. Hakuna aliyecheka.

"Haya, baba," akasema Bi Somoe. "Wajukuu zangu nakuletea. Wapikie hiyo mvua."