Kibao Kando ya Ziwa

Harufu ya plastiki iliyochomwa na jua hunirudisha Texas. Huipata kila mchana, nikipanga beseni mbele ya duka langu hapa Kigoma. Duka nimelijenga mwenyewe. Stashahada yangu imetundikwa ukutani, mteja aione kabla ya kuuliza bei.

Nilipokuwa mtoto huko, siku moja mimi na Baba tulikwenda ziwani kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa plastiki, tuliyoiazima kwa mtu aliyebeba maboksi na Baba ghalani. Asubuhi Mama alimtania Baba, "Mvuvi wa maboksi, niletee hata magamba." Baba alikulia kando ya Tanganyika, lakini tangu tuhamie mji wa Mansfield, huko Texas, hakuwa amevua hata mara moja. Mchana kutwa tuliambulia majani, kisha akavuta samaki mnono, kama sangara. Aliimba mpaka ufukweni, samaki akirukaruka ndooni.

Pale palikuwa na kibao chenye rula. Kiingereza nilikijua kuliko watoto wote wahamiaji wa mtaa wetu, nikakisoma kwa sauti bila kuulizwa: "Chini ya inchi kumi na nne, mrudishe majini."

Baba akampima. Kumi na tatu.

"Umesoma vizuri, binti yangu," akasema, akainamisha ndoo majini.

Nyumbani mafuta ya kukaangia yalikuwa tayari jikoni.

"Samaki wa huku hawaelewi Kiswahili," Baba akamwambia Mama.

Mama akamcheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikula maharage yangu; habari ya kibao Baba hakuitaja, wala mimi.